"Force majeure": kudra ya Mungu au kurasa ulizosaini?

SWALI: Nina karakana ndogo ya kubangua korosho hapa Masasi. Nilikodi malori mawili kupeleka mzigo Dar es Salaam, nikalipa nusu ya gharama mwanzoni. Mkataba ni wa Kiingereza, kurasa sita. Masika yakaanza, barabara ikakatika, mzigo ukachelewa siku tisa na mnunuzi akaukataa. Nilipodai fidia, mwenye malori akanijibu: "Ni force majeure hiyo dada, soma kifungu cha 14." Nikamuuliza shemeji yangu aliyeko Lubumbashi, akasema kwao hilo neno ni sheria kabisa, ukishalithibitisha hudaiwi. Ni Kifaransa au Kiingereza? Maana yake ni kudra ya Mungu? Na kweli sina changu tena?

JIBU: Pole kwa mzigo, dada. Nianze na la mwisho, maana ndilo linalokunyima usingizi: madai yako hayajafa eti kwa sababu mtu ametaja maneno mawili ya Kifaransa. Shemeji yako hakukudanganya. Mwenye malori naye huenda anaamini anachokisema. Ila neno ni moja na sheria ni mbili. Lubumbashi neno hilo limeandikwa kwenye sheria ya nchi. Hata msipoligusa mkatabani, lipo. Masasi linaishi ndani ya zile kurasa sita tu, na nguvu yake ni ile iliyoandikwa humo, haizidi hata kidole.

Niseme mapema kwamba mimi ni mfasiri wa mikataba, si wakili. Kwa miaka ishirini na ushei nimekaa katikati ya Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili nikihakikisha mtu anasaini anachokielewa. Ikifika hatua ya kwenda mahakamani, tafuta wakili. Lakini kwa neno hili umebisha hodi kwenye nyumba yenyewe.

Ni Kifaransa. Force ni nguvu, majeure ni kubwa zaidi. Mzizi wa majeure ni maior wa Kilatini, yaani aliye mkubwa kuliko mwenzake, na huyo maior unamjua siku nyingi: ndiye aliyemzaa meya wa jiji na meja wa jeshini. Meya, meja, majeure ni ndugu wa tumbo moja, ila huyu wa tatu alilelewa Paris. Na "fosi" je? Kijana yeyote wa stendi anakuambia "usifosi mambo". Kwa hiyo usitishwe na sura ya neno, nusu ya ukoo wake uko nyumbani kwako. Kwa matamshi, ile j ya katikati ni sauti ambayo Kiswahili hakina, inakaribia "zh". Waingereza wanaimeza r ya mwisho, Wafaransa wanaikwaruza kooni. Hapa kwetu nimewasikia mawakili wakisema "fosi meja" na hakuna hakimu aliyekasirika.

Maana yake, basi, ni nguvu inayomzidi mtu. Si shida, si usumbufu, si siku mbaya kazini. Ni tukio linalomshinda mtu hata kama angefanya kila kinachowezekana.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Kifaransa. Gaius, mwanasheria wa Kirumi wa karne ya 2, aliandika kuhusu mtu aliyekodi shamba. Akasema vis maior, nguvu kubwa zaidi, ambayo Wagiriki huiita nguvu ya mungu, haipaswi kumtia hasara mpangaji ikiwa mazao yameharibika kupita kiasi cha kuvumilika. Hapo kwenye "kupita kiasi" pashike. Hasara ndogo, Gaius anaendelea, mkulima aimeze kimya kimya, kwa sababu mwaka akivuna kupita matarajio hakuna anayemnyang'anya ziada. Hoja hiyo ningeipeleka hata kwenye baraza la wazee wa kijiji, na wangeielewa bila mkalimani.

Hiyo "nguvu ya mungu" ya Wagiriki ndiyo inayoleta swali lako la kudra. Waingereza wana msemo wao wa zamani, Act of God, na watu wengi huuona kuwa pacha wa force majeure. Si pacha. Act of God ni mambo ya maumbile ambayo mkono wa binadamu haumo: radi, tetemeko, mafuriko yasiyo ya kawaida. Force majeure ni kubwa zaidi, inaweza kubeba hayo pamoja na ya watu: vita, ghasia, amri ya serikali, mgomo, kufungwa kwa mpaka. Mgambo akikufungia barabara, hiyo si kazi ya Mungu.

Nacheka ninapoandika hivyo kwa sababu najua pa kukosea. Mwanzoni mwa kazi hii nilipewa mkataba wa ujenzi, nikafika kwenye Act of God, nikaandika "kazi ya Mungu" bila kufikiri mara mbili. Mteja alikuwa mzee mmoja mwenye kiwanja, miwani imefungwa kwa uzi. Akasoma kimya hadi pale, akavua miwani, akaniuliza taratibu: "Nani kafariki?" Kwake maneno hayo yalikuwa na kikamilisho kimoja tu, "haina makosa", na mahali pake ni msibani. Nilifuta nikaandika "majanga ya maumbile yasiyozuilika". Tangu siku hiyo Mungu simtii tena kwenye mikataba ya watu. Kudra ni imani, na mtu ana haki ya kuikubali moyoni. Fidia ni jambo jingine, na anayeikubali kudra bado anaweza kudai chake.

Sasa turudi kwa shemeji yako. Mwaka 1804 Ufaransa ilipotoa Kanuni ya Madai, ile ya Napoléon, waliweka ndani yake kwamba mtu hadaiwi fidia ikiwa force majeure ndiyo iliyomzuia kutimiza alichoahidi. Mwaka 2016 wakaifumua sehemu ya mikataba na kuiandika upya, na leo kifungu cha 1218 kinataka mambo matatu kwa pamoja: tukio liwe nje ya uwezo wa mdaiwa, liwe halikuweza kutarajiwa kwa akili ya kawaida siku mlipofunga mkataba, na athari zake ziwe hazikwepeki hata kwa hatua zinazofaa. Likiwa la muda, kazi inasimama kwa muda. Likiwa la kudumu, mkataba unavunjika. Wabelgiji walikuwa na kanuni hiyohiyo ya Napoléon, na walipoingia Kongo wakapeleka mawazo yake kwa amri ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa sheria ya mikataba kule. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Lubumbashi analitamka neno hili kwa kujiamini kama anayetaja ndugu yake. Hakuliandika yeye, sheria imemwandikia. Hata yeye, hata hivyo, lazima athibitishe yale mambo matatu. Kulitaja tu hakutoshi hata Lubumbashi, na hilo mwambie shemeji kwa upole.

Waingereza walienda njia nyingine, na sisi wa Kenya na Tanzania tulirithi kwao. Mwaka 1647, katikati ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mahakama yao ilisikiliza kesi ya mpangaji aitwaye Jane. Jeshi la Prince Rupert lilikuwa limevamia shamba alilokodi na kumfukuza. Mwenye shamba, Paradine, akadai kodi yake yote. Jane akasema, jamani, nililipie shamba lenye jeshi juu yake? Mahakama ikamwambia alipe. Sababu waliyotoa ndiyo roho ya jibu langu kwako: mtu aliyejifunga kwa mkataba wake mwenyewe hana kisingizio, kwa sababu angeweza kujikinga humohumo mkatabani na hakufanya hivyo. Mlinganishe Jane na yule mkulima wa Gaius. Wote wawili wapangaji, wote wawili wameshindwa na nguvu isiyo yao. Wa Roma anasamehewa na sheria, wa Uingereza anaulizwa: mbona hukuandika?

Ukali huo ulilegezwa baadaye, taratibu. Mwaka 1863 kulikuwa na kesi ya ukumbi wa muziki wa Surrey Gardens, London, uliokodiwa kwa matamasha manne kisha ukaungua kabla ya la kwanza. Mahakama ikasema kitu chenyewe mkataba uliokitegemea kimetoweka, kwa hiyo pande zote mbili ziko huru. Mwaka 1902 watu walikodi vyumba kwenye njia ya msafara wa kutawazwa Mfalme Edward VII, wauone kutoka dirishani. Mfalme akaugua kidole tumbo, sherehe ikaahirishwa. Mpangaji mmoja alikuwa ametoa pauni 25 kati ya 75. Mwaka uliofuata mahakama ikasema halazimiki kulipa zile 50 zilizobaki. Fundisho hilo lina jina lake la Kiingereza na vitabu vyake vinene, lakini mlango wake ni mwembamba mno: kazi iwe imeshindikana kabisa, au imegeuka kuwa kitu tofauti na mlichokubaliana.

Tanzania Bara tunalo toleo letu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ya mwaka 1961, ilichukuliwa kwa kiasi kikubwa kutoka sheria ya India ya mwaka 1872. Kifungu chake cha 56 kinasema mkataba wa kufanya jambo ambalo baadaye limekuwa haliwezekani unakuwa batili, na cha 65 kinamtaka aliyepokea faida chini ya mkataba uliobatilika airudishe. Kenya wao, kwa Sura ya 23, wanafuata sheria ya mikataba ya Uingereza moja kwa moja. Force majeure kwa jina lake hutaikuta kwenye vifungu hivyo.

Na hapo ndipo mwenye malori wako anapoanza kutoa jasho. Mzigo wako ulifika. Ulichelewa siku tisa, lakini ulifika. Kazi haikushindikana, kwa hiyo kifungu cha 56 hakimsaidii hata kidogo. Amebaki na kifungu cha 14 cha karatasi yenu, basi.

Neno hili liliingiaje kwenye karatasi za Kiingereza? Kwa biashara. Wafanyabiashara wa bara la Ulaya waliokuwa wakinunua meli na makaa Uingereza walilibeba, Waingereza wakaliona tamu, wakalibakiza. Mwaka 1915 lilifika mbele ya jaji Bailhache. Wajenzi wa meli walikuwa wamechelewa kuikabidhi, wakajitetea kwa force majeure. Jaji akakiri kwamba maneno hayo si ya kawaida katika mikataba ya Kiingereza, yametoka kwenye kanuni ya Napoléon, kisha akaanza kupepeta. Mvurugo uliosababishwa na mgomo wa wachimba makaa? Umo. Kuharibika kwa mitambo? Kumo. Hali mbaya ya hewa, mechi za mpira na mazishi? Hapana, hayo ni mambo ya kila siku yanayokatiza kazi. Nimefundisha vijana wengi kwa kutumia orodha hiyo na kila mara darasa linacheka kwenye mpira na mazishi, kwa sababu kila mtu ana fundi aliyewahi kumpa sababu hizo mbili katika wiki moja.

Zingatia kilichotokea hapo. Mahakama ya Kiingereza haina maana ya force majeure ya kuitoa kabatini. Inasoma mkataba uliopo mezani na kuuliza hawa wawili walikusudia nini. Kwa hiyo chukua kifungu chako cha 14 na kalamu, tusome pamoja.

Kwanza orodha. Vifungu hivi karibu vyote hutaja matukio moja moja, kisha humalizia na maneno ya jumla kama "na jambo lingine lolote lililo nje ya uwezo". Tafuta kama mvua, mafuriko au kukatika kwa barabara vimetajwa. Usishangae ukikuta vituko. Mikataba mingi ya usafirishaji huku kwetu imenakiliwa kutoka kwa watu wa nchi za baridi. Nimewahi kufasiri mmoja wa Kusini hukuhuku uliomkinga msafirishaji dhidi ya dhoruba ya theluji na ukasahau masika. Ikiwa mafuriko hayamo, ataning'inia kwenye yale maneno ya jumla ya mwisho, na hayo mahakama huyabana.

Pili, kitenzi. Kwenye Kiingereza chako angalia kama imeandikwa prevented, hindered au delayed. Hapa ndipo watu wanapoangukia pua. La kwanza ni kuzuiwa kabisa, la pili ni kukwamishwa, la tatu ni kucheleweshwa. Ikiwa limo la kwanza peke yake, mtu aliyefika kwa kuchelewa hakuzuiwa. Ikiwa la tatu limo, mwenye malori ana hoja, na heri uijue mapema kuliko kuisikia kwa wakili wake.

Tatu, kutarajiwa. Sheria ya Kiingereza haidai jambo hili kwa nguvu kama ya Kifaransa, lakini vifungu vingi hulitaja, soma kama chako kinalo. Kama kinalo, swali linakuwa la kijiografia. Mvua ya masika barabara ya Lindi kwenda Dar si habari kwa mtu anayeishi kwa malori. Anaijua Somanga ya Kilwa kama anavyoijua jikoni kwake. Kimbunga ni kingine. Hidaya ilipopiga pwani mwanzoni mwa Mei 2024 na kubomoa madaraja Kilwa, hata msafirishaji makini kuliko wote angeweza kusema kwa haki kwamba hakulitarajia, maana vimbunga vya bahari huwa haviji kwetu. Wewe hukusema kilichokata barabara mwaka huu kilikuwa nini. Tofauti kati ya mvua na kimbunga inaweza kuwa ndiyo tofauti ya pesa yako.

Nne ndiyo ninayoipenda, njia nyingine. Barabara hiyo ya Lindi kwenda Dar, inayopita Kilwa, ikikatika, kutoka Masasi bado unaweza kupita Tunduru, Songea, Makambako na Iringa hadi Dar. Ni zaidi ya mara mbili ya safari, najua, na mafuta yake hayasemeki. Lakini sikiliza kisa cha karanga za Sudan. Oktoba 1956 wauzaji walikubali kupeleka tani 300 za karanga kutoka Port Sudan hadi Hamburg. Mwanzoni mwa Novemba Mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita. Wauzaji wakasema basi, imeshindikana. Kesi ikapanda hadi mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, na mwaka 1961 wakaambiwa: Rasi ya Tumaini Jema ilikuwa wazi, mngezungukia huko. Safari ingekuwa zaidi ya mara mbili na gharama ingepanda, lakini kupanda kwa gharama si kushindikana. Karanga hazingeoza, na mkataba haukutaja Suez. Korosho zako nazo hazikuwa samaki. Kama mkataba haukutaja njia, muulize mwenye malori kwa nini alikaa siku tisa akisubiri badala ya kugeuza. Swali hilohilo liliwarudia wenye meli tangu mwisho wa 2023, mashambulizi ya Bahari Nyekundu yalipowasukuma kuzunguka Afrika nzima. Makontena yalichelewa, gharama ikapanda, na safari zikaendelea.

Lakini kuna mpaka wa upande wako pia, nisikufiche. Ukisema ungekubali afanye jambo ambalo halimo mkatabani, yeye halazimiki. Mei 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya meli za madini kutoka Guinea kwenda Ukraine. Mkataba ulisema malipo ni dola, vikwazo vya Marekani vikavuruga dola, mteja akasema nitalipa kwa yuro na hasara ya kubadilisha ni yangu. Mwenye meli akakataa, akashikilia force majeure, na mahakama ikamkubalia: juhudi za kuridhisha, ambazo kifungu chao kilizidai, haziwezi kumlazimisha mtu kupokea asichokubaliana. Kwa hiyo ikiwa karatasi yako imetaja kwa jina barabara ya Kilwa, hoja yangu ya Songea inapungua uzito sana.

Kuhusu korona nitasema kidogo tu. Mwaka 2020 kila mtu aligeuka mtaalamu wa neno hili. Kumbi za harusi, waandaaji wa safari, timu za mpira, wote wakafungua mikataba yao kwa mara ya kwanza tangu wasaini. Waliokuta neno la mlipuko wa ugonjwa, au amri ya serikali, walipumua. Tangu hapo kila kifungu ninachofasiri kina "milipuko ya magonjwa", hata mkataba wa kuchimba kisima.

Utalisikia pia likitumika na kitenzi "kutangaza", na watu hudhani kampuni ikitangaza force majeure imejitolea hukumu yenyewe. Jirani yako ng'ambo ya Ruvuma ni mfano mzuri. Machi 2021 mji wa Palma, Msumbiji, ulishambuliwa, na tarehe 26 Aprili TotalEnergies ikatangaza force majeure kwenye mradi wake wa gesi wa Afungi, Cabo Delgado, mradi wa dola bilioni 20. Haikuondolewa hadi Novemba 2025. Miaka minne na nusu mikataba ilikuwa imesimama bila kufa. Kutangaza pale kulikuwa na maana moja: kuwajulisha wenzao rasmi kwamba tunakitumia kifungu hiki kuanzia leo. Ni notisi. Anayepokea notisi ana haki ya kubisha. Kwa hiyo ule ujumbe wa mwenye malori, "ni force majeure hiyo dada", ni madai yake; hukumu bado.

Nje ya mikataba, Waingereza hulitumia pia kwa maana ya nguvu ya aliyekuzidi inayokulazimu kusalimu amri, kama nchi ndogo mbele ya nchi kubwa. Utalikuta magazetini na kwenye historia ya vita. Kwako halina kazi.

Umeniuliza maana, na nadhani unataka pia Kiswahili chake kwa mkataba ujao. Nimeona "nguvu kuu", nimeona "nguvu za asili", na yote mawili yananikwaza. "Nguvu kuu" inanukia siasa. "Nguvu za asili" inaacha nje vita, mgomo na amri ya mkuu wa mkoa. Mimi huandika "matukio yasiyozuilika", kisha nayataja moja moja kwa majina ya hukuhuku: mafuriko, kukatika kwa barabara au daraja, kimbunga, kizuizi cha serikali, mgomo, mlipuko wa ugonjwa. Nikimaliza naongeza nani atabeba gharama ya njia ndefu na baada ya siku ngapi mteja anaweza kuondoka na malipo yake ya awali. Jina halinisumbui sana. Orodha na siku ndivyo vinavyofanya kazi. Na kifungu hichohicho kiweke kwenye mkataba wako na mnunuzi, kwa sababu umeona mwenyewe: barabara moja ilipokatika, aliye juu yako alikuwa na mwavuli, aliye chini yako alikukatalia mzigo, na wewe uliyekaa katikati ukalowa.

La mwisho la kuangalia kwenye kifungu cha 14 ni muda wa kutoa taarifa. Vingi humtaka anayekwama kumwandikia mwenzake ndani ya siku kadhaa tangu tukio lianze, na vingine husema asipoandika ndani ya muda huo, kinga imemponyoka. Barabara ilikatika lini, na yeye alikwambia lini? Kama neno force majeure ulilisikia kwa mara ya kwanza pale ulipodai fidia, siku tisa baadaye au zaidi, hiyo ndiyo hoja yako nzito kuliko zote nilizotaja. Fungua simu yako, rudi nyuma kwenye meseji zake hadi siku malori yalipoondoka Masasi, piga picha kila moja pamoja na tarehe yake, na usifute kitu. Halafu nenda kwa wakili na hizo picha na zile kurasa sita.